Ndege Mwema na Ndege Njema: Msimu, Bustani na Usomaji wa Viumbe katika Mitaa ya Eastlands

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, ndege mwema si sawa na ndege njema. Wa kwanza ni kiumbe mwenye mbawa, na sarufi humpa upatanisho wa vitu vyenye uhai. Ya pili ni fali, yaani dalili ya heri ambayo msafiri wa kale aliisoma njiani kabla hajaamua kuendelea na safari au kurudi nyumbani; nayo huchukua upatanisho wa vitu visivyo na uhai. Maana ya tatu, ile ya chombo kinachoruka angani, ilikuja baadaye ikafuata mkondo wa ile ya pili. Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuachiwa wanasarufi. Hata hivyo, lina funzo kwa mhakiki wa fasihi: ndege anapogeuzwa kuwa ishara, lugha yenyewe humvua uhai.

Makala haya yanachunguza namna mapokeo mawili ya kifasihi yanavyomtazama ndege wa nyumbani na wa bustani, hasa msimu unapogeuka, kisha yanayapima mapokeo hayo kwa kuyaweka mbele ya mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Mapokeo ya kwanza ni ya Kiingereza, yaliyoingia Kenya kwa njia ya silabasi za shule na vyuo. Ya pili ni ya ushairi wa Kiswahili wa pwani ya kaskazini. Hoja inayojengwa ni kwamba mapokeo ya kwanza humfuata ndege hadi upeo wa macho kisha humpoteza, na kwamba usomaji uliozoeleka wa mapokeo ya pili humfanya ndege kuwa ishara hata kabla hajaonekana. Eastlands ni mahali ambapo kasoro zote mbili hudhihirika, na athari zake haziishii vitabuni.

2.0 Mbayuwayu Anayepotea

Mwaka 1789 kasisi Gilbert White alichapisha The Natural History of Selborne, kitabu cha barua kuhusu viumbe wa kijiji chake katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Kitabu hicho huhesabiwa miongoni mwa misingi ya nathari ya Kiingereza inayohusu kutazama ndege na viumbe wa bustani. White alikuwa mtazamaji makini. Alifuatilia siku ambayo mbayuwayu alionekana kwa mara ya kwanza katika mwaka, mahali alipojenga kiota, na siku alipotoweka baridi ilipokaribia. Lakini kuhusu mahali alikokwenda hakuwa na hakika. Alikubali kwamba ndege huhama, ila hakuacha kushuku kuwa baadhi yao hubaki wamejificha mahali fulani karibu, wakisubiri joto lirudi.

Miaka 30 baadaye, Septemba 1819, John Keats alitunga shairi lake la "To Autumn" akiwa Winchester, katika jimbo lilelile. Sehemu ya mwanzo ya shairi hilo imejaa matunda, nyuki na mavuno. Ubeti wa mwisho huyaacha mavuno na kusikiliza sauti: wadudu, kondoo, ndege mdogo wa bustanini, na hatimaye mbayuwayu wanaokusanyika angani. Shairi huishia hapo. Wahakiki wamesifu sana uwezo wa mtunzi wa kujizuia: mauti hayatajwi na majira ya baridi hayatajwi, lakini msomaji hujua kwamba mbayuwayu wanaokusanyika wako karibu kuondoka.

Sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ukimya unaofuata mwisho wa shairi hilo una sehemu mbili. Moja ni ya kisanaa, nayo imejadiliwa vya kutosha. Nyingine ni ya kimaarifa. Ushahidi wa wazi wa mahali waendako mbayuwayu wa Uingereza ulipatikana karibu karne moja baadaye, wakati mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire mwaka 1911 alipopatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Kwa maneno mengine, Afrika ndiyo iliyokuwa ndani ya ukimya huo. Mapokeo ya bustani ya Kiingereza yalijenga huzuni yake juu ya kuondoka kwa sababu kuwasili hakukuwa katika upeo wa macho yake.

Suala hili lisingekuwa na uzito mkubwa katika idara ya fasihi ya Afrika Mashariki kama shairi hilo lingebaki Winchester. Lakini halikubaki huko. Mwanafunzi wa Kenya aliyesomeshwa ushairi wa Kiingereza alifundishwa kuomboleza kuondoka kwa ndege ambaye, katika majira yaleyale, wenzake wa aina ileile walikuwa wakiwasili juu ya paa la shule yake. Mbayuwayu kutoka Ulaya na Asia huanza kuonekana Kenya kuanzia Septemba, na wengi huondoka ifikapo Aprili. Waraka wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong wa tarehe 24 Oktoba 1968, uliotaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu cha Nairobi iondolewe na Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi, aghalabu husomwa kama mjadala kuhusu orodha ya vitabu. Mbayuwayu huonyesha kwamba ulikuwa pia mjadala kuhusu mahali anaposimama mtazamaji. Ndege ni mmoja na safari ni moja, lakini anayeitazama safari hiyo akiwa Nairobi ana mwanzo mahali ambapo Keats ana mwisho.

3.0 Nyuni wa Pate

Katika ushairi wa Kiswahili, ndege wa nyumbani maarufu kuliko wote ni wale wa Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir uliotungwa mapema katika karne ya 19. Mshairi anaionya nafsi yake kwa kuionyesha magofu ya Pate. Katika madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipambwa kwa vyombo vya kauri, sasa wamelala makinda ya nyuni wa porini. Bumu, yaani bundi, hulia ndani ya nyumba. Vipungu na njiwa wametwaa mahali pa waungwana, na popo wananing'inia.

Uhakiki wa darasani aghalabu huishia kwa kusema kwamba ndege hawa ni ishara ya uharibifu na ya kupita kwa dunia. Kauli hiyo si kosa, kwa maana mshairi mwenyewe anaielekeza nafsi yake huko. Kosa ni kuishia hapo. Msomaji akirudi katika beti zenyewe ataona kwamba mshairi hakuridhika na neno la jumla. Anawataja ndege kwa majina yao na kwa sauti zao, na anajua yupi hukaa wapi. Zaidi ya hayo, waliomo madakani ni makinda. Daka ambalo kwa mwenye nyumba ni kumbukumbu ya sahani iliyopotea, kwa kinda ni kiota kizuri, kilichoinuka kutoka sakafuni na kukingwa na mvua. Ukali wa taswira hiyo unatokana na mambo mawili kuonekana kwa wakati mmoja: kaya moja imekwisha na kaya nyingine inaanza. Kama mshairi asingekuwa mtazamaji wa ndege, onyo lake lingekuwa hotuba tupu.

Desturi ya kumsoma mnyama kwa haraka kama ishara imeendelea hadi ushairi wa kisasa. Mfano mmoja ni shairi la Kiingereza la Mkenya Jonathan Kariara kuhusu chui akaaye katika mti karibu na boma, "A Leopard Lives in a Muu Tree". Chui huyo hulitazama boma, na mwenye boma humwona kama tishio kwa mamlaka yake, kwa wake zake na kwa uzazi wa nyumba yake. Hapa tena ishara ni halali. Lakini kinacholipa shairi nguvu ni kwamba macho yamegeuzwa: mnyama ndiye mtazamaji, na binadamu ndiye anayetazamwa nyumbani kwake. Mhakiki anayekimbilia kuuliza chui anawakilisha nini huupoteza mgeuko huo.

4.0 Bustani ya Nani?

Mapokeo ya kutazama ndege wa bustani yana sharti ambalo halitajwi mara nyingi, nalo ni kuwa na bustani. Katika Nairobi sharti hilo lina historia. Mji wa kikoloni uligawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa magharibi na kaskazini, kwenye ardhi iliyoinuka, yenye udongo mwekundu na miti mingi. Waafrika walitengewa upande wa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nathari mashuhuri zaidi ya Kiingereza kuhusu viumbe wanaotazamwa kutoka nyumbani katika eneo la Nairobi, Out of Africa ya Karen Blixen (1937), iliandikwa kuhusu shamba la magharibi, chini ya milima ya Ngong. Paa Lulu, anayeingia na kutoka nyumbani kwa Blixen, amekuwa mnyama maarufu wa fasihi hiyo. Mashariki mwa mji hapakuwa na nafasi ya Lulu.

Hata hivyo, si kweli kwamba mashariki hapakuwa na kijani. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulipangwa kwa kufuata fikra za mji wa bustani zilizoenezwa na Ebenezer Howard huko Uingereza: nyumba za chini zikizunguka viwanja vya nyasi, miti ikiachiwa nafasi, ukumbi wa jamii ukiwa katikati. Katika mitaa mingine ya nyumba za baraza la mji, wakazi walijitengenezea bustani zao wenyewe: mistari ya sukuma wiki mbele ya mlango, mpapai kando ya bomba la maji, ua wa michongoma. Katika bustani hizo chozi hunyonya maua, pasa hushambulia mapapai yaliyoiva, shomoro hujenga viota chini ya mabati na mwewe huzunguka juu akivizia vifaranga. Bustani hizi ni za kula kwanza, na ndege aliyemo ni jirani, mwizi na burudani kwa pamoja. Hiyo ni hali tofauti kabisa na ya White, na inastahili istilahi zake.

Hapa ndipo suala la msimu linapojitokeza. Mfasiri akikutana na majira ya baridi ya Ulaya huvutwa kuyaita kipupwe. Lakini kipupwe cha Afrika Mashariki huwa kati ya Juni na Agosti, wakati Nairobi inapofunikwa na mawingu mazito na watu wa Eastlands kuwasha majiko ya makaa jioni. Baridi ya Ulaya inapokaribia, Nairobi huwa imeshatoka katika kipupwe na inangoja vuli. Mvua za vuli zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini. Watoto huwakusanya chini ya taa, na angani mbayuwayu waliotoka kaskazini huwadaka wadudu wanaoruka. Kwa hiyo, neno kipupwe likitumiwa bila uangalifu humrudisha msomaji katika kosa lilelile la kumwona ndege akiondoka wakati yeye anawasili. Pwani ilikuwa na maarifa bora zaidi, kwani ilihesabu mwaka kwa kusi na kaskazi na ikazoea kwamba wageni huja na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi.

Dhana ya ugeni ina uzito wake Eastlands. Sera ya kikoloni ilimchukulia mfanyakazi Mwafrika kama mpita njia mjini: alibeba kipande, alipewa kitanda katika chumba cha kuchangia, na alitarajiwa kurudi kijijini kazi ikiisha. Kwa sera hiyo, mkazi wa mashariki alikuwa ndege wa msimu. Riwaya ya Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth (1986), hupata maana mpya ikisomwa katika mwanga huu. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka kutoka kwenye gari la moshi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, ili kuishi na mumewe Martin katika chumba huko Pumwani. Baada ya kupoteza mimba anapotea njiani akitoka hospitalini, kwa kuwa hajajua kuusoma mji. Riwaya inaishia mwaka 1978, naye akiwa mwenyeji wa Nairobi na mja mzito tena. Hii ni riwaya ya kuwasili, na muundo wake wa miaka zaidi ya 20 husema kwamba kuwasili si tukio la siku moja. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mchama ago hanyele, huenda akauya papo, humpa mhamaji wajibu kwa mahali anapopita. Paulina huongeza jambo ambalo methali haikulisema: mahali pia pana wajibu kwa aliyefika na kubaki.

5.0 Korongo na Chokoraa

Mbayuwayu ni ndege rahisi kupendwa. Kipimo kigumu zaidi cha hoja hii ni korongo marabu, ndege mkubwa mwenye kichwa kisicho na manyoya na mbawa zinazoweza kufikia upana wa mita mbili na nusu, ambaye husimama kwa mamia juu ya jaa la Dandora. Jaa hilo lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1970 na lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini magari ya taka hayakukoma kumwaga shehena zake hapo. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri upande wa pili wa jiji hilohilo, ulionyesha kwamba nusu ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo walikuwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubaliwa kimataifa.

Mwandishi anayemleta korongo huyu katika hadithi hukabiliwa na kishawishi kikubwa. Umbo lake, upara wake na chakula chake vyote huita ishara ya mauti na uozo wa jiji. Lakini ishara hiyo hubeba hukumu. Korongo hakuileta taka Dandora. Yeye huila, na upara unaochekwa ndio unaomwezesha kuingiza kichwa katika mizoga bila manyoya kushika uchafu. Kumfanya korongo kuwa sura ya uozo ni kumlaumu msafishaji na kumwacha aliyetupa.

Hukumu ya namna hiyo haiwaangukii ndege peke yao. Katika Kiswahili cha Nairobi, kutokana na kitenzi chokora, yaani kupekua kwa kijiti au kidole, limepatikana jina chokoraa, ambalo mji umewapa watoto wanaotafuta riziki katika mapipa na majaa. Riwaya ya Meja Mwangi, Kill Me Quick (1973), ilikuwa miongoni mwa kazi za kwanza kuwafanya vijana wa aina hiyo kuwa wahusika wakuu. Meja na Maina wana masomo lakini hawana kazi, na wanaishi katika vichochoro wakila kinachotupwa na maduka. Mwangi hakuwageuza kuwa ishara ya kuporomoka kwa maadili ya mji. Aliandika wanakula nini, wanalala wapi, na wanachekeana vipi, na kwa njia hiyo lawama ilirudi kwa wale waliovijaza vichochoro taka na kuwafungia vijana milango ya ajira. Nidhamu hiyo ya kutazama kabla ya kuhukumu ndiyo inayohitajika kwa korongo pia. Mwandishi anayejua kwa nini korongo yuko Dandora atalazimika kujua kwa nini mtoto yuko hapo.

6.0 Pingamizi

Pingamizi moja haliwezi kupuuzwa. Binyavanga Wainaina, katika makala yake ya kejeli "How to Write about Africa" (2005), aliwadhihaki waandishi wanaowapa wanyama wa Afrika nafsi kamili na hisia nyingi huku Waafrika wakibaki vivuli. Je, kutaka uhakiki uwatazame ndege wa Eastlands si kurudia dhambi hiyo? Isitoshe, mkazi anayeishi na watoto watano katika chumba kimoja anahitaji vyumba kabla ya viota. Nyumba za zamani za baraza huko Pangani zilibomolewa na mahali pake pakajengwa maghorofa, na mitaa mingine ya zamani imewekwa katika mipango ya namna hiyo. Si kazi ya mhakiki kumlilia shomoro wa mabati na kumsahau mtu anayetafuta paa.

Pingamizi hili lina nguvu, lakini linalenga nathari inayomtenga mnyama na watu wa mahali pake. Katika bustani ya sukuma wiki hakuna utengano huo. Kiwanja kinapochukuliwa, anayepoteza chozi ni yuleyule anayepoteza mboga, kivuli cha kukaa alasiri na mahali pa watoto kucheza. Ghorofa lenye vyumba vya kutosha laweza kuwa faida kubwa kwake, lakini hasara hiyo nayo ni ya kweli, na fasihi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo faida na hasara zinaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja bila moja kuifuta nyingine. Sayyid Abdallah aliweza kuandika kaya iliyokwisha na kaya inayoanza katika daka moja. Mwandishi wa Eastlands hana sababu ya kudai kidogo zaidi ya hicho.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ndege katika fasihi huweza kupotezwa kwa njia mbili: kwa kuachwa aende zake upeoni, au kwa kugeuzwa fali kabla ya kuonwa. Njia zote mbili zimekuwa na watunzi hodari, na hakuna haja ya kuwaondoa madarasani. Kinachohitajika ni kubadilisha maswali yanayoulizwa. Kabla ya mwanafunzi kuulizwa ndege huyu anaashiria nini, yafaa aulizwe ni ndege gani, amefika mwezi gani na kutoka wapi, anakula nini, na ni nani mwingine anayekula mahali hapo. Kwa ubeti wa mwisho wa Keats, maswali hayo yataleta Afrika ndani ya shairi. Kwa Al-Inkishafi, yatawarudisha makinda ndani ya madaka. Kwa Dandora, yatamfikisha msomaji kwa watoto waliopimwa damu, na kutoka hapo hadi kwa magari yaliyoendelea kumwaga taka baada ya mwaka 2001.

Ndege njema bado ina nafasi yake katika lugha na katika ushairi. Lakini katika mitaa ambayo wakazi wake walisomwa kwa muda mrefu kama dalili ya tatizo la mji, na si kama watu wenye majina, uhakiki una wajibu wa kumtanguliza ndege mwema.